Je, wajua kwa nini kuna shukrani isiyoondoa kijicho?

Mtu "humwonea" mwenzake wivu, na husuda tunaiita pia kijicho. Kote humo kuna kuona. Husuda huingilia machoni: si lazima nipungukiwe na kitu, yatosha nitazame cha jirani.

Yesu aliligusa hilo katika mfano wa Mathayo 20. Mwenye shamba la mizabibu aliajiri watu alfajiri, wakapatana dinari moja, ujira wa kawaida wa kutwa. Akaongeza wengine saa tatu, saa sita, saa tisa, na wa mwisho saa kumi na moja, jua likikaribia kuzama. Jioni kila mmoja akapewa dinari. Wale wa alfajiri hawakudhulumiwa hata kidogo. Lau wangelipwa kwanza wakaenda zao, wangefika nyumbani wakiwa na furaha. Lakini malipo yalianzia kwa wa mwisho, nao wakasimama wakatazama. Dinari ileile waliyoifurahia asubuhi ikageuka tusi mkononi. Mwenye shamba akamuuliza mmoja wao kama jicho lake limekuwa ovu kwa sababu yeye ni mwema.

Basi, je, tukihesabu baraka zetu kijicho kitaisha? Kuhesabu kunasaidia, sikatai. Mwaka 2003 wanasaikolojia wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti ambamo watu walioandika mambo ya kushukuru kila wiki, kwa wiki 10, waliyaona maisha yao kuwa mazuri kuliko walioandika kero zao. Ila mtu aweza kuhesabu huku bado anachungulia kwa jirani. Yule Farisayo wa Luka 18 alishukuru, tena hekaluni: alimshukuru Mungu kwamba yeye si kama watu wengine. Shukrani yake haisimami bila mtu wa kumdharau. Akitokea wa kumzidi, itakauka siku hiyohiyo, maana mizani ni ileile ya husuda, ila safari hii imeelemea upande wake.

Paulo aliwauliza Wakorintho, waliokuwa wakitambiana kwa majina ya walimu wao: "Nawe una nini usichokipokea?" Dawa imo humo. Nikikubali kwamba changu nimepewa, siwezi kukataa kwamba na mwenzangu naye amepewa, na Mpaji ni mmoja. Hapo mwenzangu haonekani tena kama aliyechota fungu langu.

Mfalme Sauli alishindwa hapa, na habari yake hunihuzunisha kila niisomapo. Wanawake waliimba kwamba Sauli ameua elfu zake na Daudi makumi elfu yake. Wimbo ulimsifu hata yeye! Tena Goliathi aliyeuawa na Daudi ndiye aliyekuwa amemtia hofu Sauli na jeshi lake lote. Kipawa cha Daudi kilikuwa kimemwokoa yeye mwenyewe, naye akakiona kama tishio.

Kwa hiyo shukrani inayoponya humtaja kwa jina yule unayemwonea kijicho: Bwana, asante kwa kazi uliyompa, kwa mtoto uliyemjalia. Mwanzoni maneno hutoka makavu kama mchanga. Mimi sioni kwamba huo ni unafiki, mradi usifiche maumivu. Asafu katika Zaburi 73 alikiri waziwazi mbele za Mungu kwamba aliwaonea wivu wenye kujivuna na nusura ateleze. Sema yote mawili katika sala moja: hili linaniuma, nami nakushukuru kwa ajili yake. Kesho urudie.

Yohana Mbatizaji alijaribiwa vivyo hivyo. Wanafunzi wake walimjia wakilalamika kwamba watu wote sasa wanamwendea Yesu. Akawajibu kwamba mtu hawezi kupokea neno lolote asipopewa kutoka mbinguni. Makutano yakiwa yanamwacha, akasema furaha yake imetimia.