Kichuma kimeruka jichoni? Usisubiri kesho

Swali: Jicho kutobolewa ndo nini?
Jibu: Kitu kimepasua ukuta wa jicho kikaingia ndani, siyo vumbi limekaa juu. Msumari, waya, mwiba, kioo. Hapa Dar tunaowapokea sana ni mafundi, mtu anagonga tindo kwa nyundo bila miwani.

Swali: Mbona haliumi sana na bado naona, si niangalie mpaka kesho?
Jibu: Hapana. Kichuma chenye kasi kinaacha kitobo ambacho huwezi kukiona hata ukijitazama kwenye kioo, siku ya kwanza unaona vizuri tu kumbe bakteria walioingia nacho wanazaliana humo ndani. Kitobo kinatakiwa kishonwe ndani ya masaa 24, ukipitiliza hatari ya jicho kujaa usaha inapanda. Kama hicho kichuma kilikuwa na udongo ndo usiseme kabisa, kuna bakteria wa udongo anamaliza jicho kwa siku moja au mbili.

Swali: Na nikianza na matone ya duka la dawa, nione kwanza?
Jibu: Nimesema hapana jamani! Matone hayafiki huko ndani kwa kiwango cha kuua bakteria, na yale yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) yanapunguza wekundu unadhani umepona. Maziwa ya mama, asali, mkojo, mate, hivyo vyote ni kuongeza uchafu tu. Watu wanakuja siku ya tano na kichupa mkononi, tufanye nini sasa?

Swali: Njiani nifanyeje?
Jibu: Usisugue, usioshe (kuosha kwa maji mengi ni kwa aliyemwagikiwa tindikali au chokaa), kilichochoma usikichomoe. Kata kitako cha kikombe cha plastiki, funika bila kugusa jicho, bandika plasta. Usile wala usinywe, huenda ukapewa usingizi wa operesheni.

Swali: Niende wapi?
Jibu: Penye daktari wa macho, hospitali ya Muhimbili au CCBRT, au kituo cha karibu wakupe rufaa leoleo. Utapata sindano ya pepopunda, antibayotiki, utashonwa, na chuma kilichobaki kitatafutwa kwa CT scan (kipimo cha picha za mionzi).

Swali: Nimeshashonwa, kliniki yangu ni wiki ijayo.
Jibu: Maumivu yakizidi, uoni ukipungua, kope zikivimba au ukiona weupe mbele ya mboni, rudi siku hiyohiyo hata kama ni usiku, tarehe ya kwenye kadi achana nayo.