Sainasi isiyopona: antibiotiki haimalizi kazi

"Daktari, nipe antibiotiki kali zaidi, hizi zimeshindwa." Mgonjwa aliyeniambia hivyo juzi alikuwa ameshameza dozi tano ndani ya mwaka mmoja. Pua imeziba, uso mzito, kamasi inashukia kooni. Nikamuuliza kuhusu harufu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema sufuria iliungua akiwa amesimama pembeni yake, aliyeshtuka ni mtoto kutoka chumba cha pili.

Nikaingiza kamera nyembamba. Nyama za pua zilikuwepo pande zote mbili, rangi ya kijivu, zinang'aa kama zabibu iliyomenywa. Ukizigusa kwa chuma haziumi. Si saratani, ni utando wa pua na wa sainasi (mashimo ya hewa ndani ya mifupa ya uso) uliovimba na kujaa maji.

Sainasi ikipita wiki 12 bila kupoa tunaiita sugu, na hapo mimi humwangalia mdudu kidogo na kinga ya mwili zaidi. Utando wa pua ukichubuliwa na virusi, moshi au vumbi, seli zake hutoa ishara ya hatari. Kinga huja, hupigana, hutulia. Kwa mgonjwa kama huyu haitulii. Chembe nyeupe za damu humwaga interlukini, kemikali ambazo chembe za kinga hutumia kupeana amri; kila moja ina namba yake. Ile namba 5 huzirefushia maisha eosinofili, chembe ambazo kazi yake mojawapo ni kushambulia minyoo. Puani hakuna minyoo, lakini sumu zinamwagwa vilevile, utando unachubuka upya, na ishara inatoka tena. Namba 4 na 13 huongeza kamasi na kuulegeza utando wenyewe.

Bakteria nao wamo. Stafilokoka huweza kutoa sumu inayoichochea kinga ovyo ovyo. Ila kuwaua tu hakuzimi uvimbe, ndiyo maana dozi tano hazikufua dafu. (Si kila sainasi sugu iko hivi, wapo wasio na nyama za pua, na kwao chembe zinazotawala mara nyingi ni nyingine.)

Upasuaji hufungua njia, lakini kinga inabaki ileile, na nyama huweza kuota tena. Tangu 2019 Marekani imeruhusu sindano ya dupilumab kwa ugonjwa huu. Huziba mlango unaotumiwa na interlukini 4 na 13. Kwa wengi, hata hivyo, naanza na maji ya chumvi ya kuoshea pua, kisha steroidi ya kupuliza puani, dawa ya kutuliza uvimbe. Nilimwomba anionyeshe anavyopuliza ile aliyowahi kupewa. Akaelekeza mdomo wa chupa katikati, kwenye ukuta unaotenganisha matundu mawili. Nikamgeuza mkono: elekeza nje, upande wa sikio.

"Nitapuliza mpaka lini?"

Nikamuuliza kama ana pumu. Anayo. "Ile dawa ya pumu ya kila siku unatumia mpaka lini?"

Akacheka, akaiweka chupa mfukoni.