Mchujo wa chama: jinsi mgombea wa umeya wa London anavyopatikana

Mchujo wa chama ni hatua ambayo chama cha siasa, kabla ya wananchi wote kwenda vituoni, humtafuta miongoni mwa watu wake mmoja atakayebeba jina la chama kwenye karatasi ya kura. Kenya hatua hiyo huitwa mchujo. Tanzania watu wamezoea kusema kura za maoni, na wanaojitokeza kuomba nafasi huitwa watia nia hadi chama kitakapomtaja mmoja wao kuwa mgombea. Jina hili la Tanzania lina ukweli ndani yake, kwa sababu katika chama tawala, CCM, kura hizo ni maoni kweli: vikao vya juu vina mamlaka ya kumwacha aliyeongoza na kumteua mwingine. Kwa hiyo anayetaka kuielewa dhana hii asitosheke kuuliza nani alishinda mchujo, bali aulize pia ni nani aliyeandika kanuni zake, na kama kanuni hizo ziliandikwa kabla au baada ya majina ya watia nia kujulikana.

Nimeichagua London kuwa mfano kwa sababu swali hilo la pili lilijitokeza huko waziwazi kuliko mahali pengine ninapopajua. Ni lazima kwanza kuondoa utata mmoja. Msomaji wa Dar es Salaam amezoea meya anayechaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao, na msomaji wa Nairobi, tangu mwaka 2013, humpigia kura gavana na si meya. Meya wa London huchaguliwa moja kwa moja na wapigakura wote wa jiji. Cheo hicho ni kipya: wakazi wa London walikikubali kwa asilimia 72 katika kura ya maoni ya Mei 1998, na uchaguzi wa kwanza ukafanyika tarehe 4 Mei 2000. Tena asichanganywe na yule Meya wa mtaa wa kale wa biashara uitwao City, ambaye ni mtu mwingine mwenye kazi nyingine.

Kabla ya hapo jiji lilikuwa na baraza kuu, na kiongozi wake alipatikana kwa njia inayofanana na ya madiwani wetu. Mwaka 1981 chama cha Labour kilikwenda kwenye uchaguzi wa baraza hilo kikiongozwa na Andrew McIntosh, na kikashinda. Siku iliyofuata wajumbe wa Labour walioshinda walikutana, wakapiga kura wao kwa wao, na kwa kura 30 dhidi ya 20 wakamwondoa McIntosh na kumweka Ken Livingstone. Mpigakura aliyedhani amempa McIntosh uongozi wa jiji aliamka na kumkuta kiongozi mwingine. Serikali ya Waziri Mkuu wa wakati huo, Margaret Thatcher, ililivunja baraza hilo mwaka 1986, lakini jina la Livingstone lilikuwa limekwisha kuota mizizi jijini, na umeya ulipoundwa alikuwa wa kwanza kutajwa midomoni mwa watu.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Waziri Mkuu Tony Blair, kiongozi wa Labour, hakumtaka Livingstone, na hakulificha jambo hilo. Chama kilikuwa na njia mbili za kumzuia mtu asiyetakiwa. Njia ya kwanza ni mlango wa kuingilia, yaani jopo la usaili linaloamua nani aingie kwenye orodha fupi ya watakaopigiwa kura. Livingstone aliitwa mbele ya jopo hilo mwishoni mwa mwaka 1999, akahojiwa hasa kuhusu treni za chini ya ardhi, kwa kuwa serikali ilikuwa na mpango wa kuzishirikisha kampuni binafsi na yeye aliupinga. Je, angekubali kugombea kwa ilani yenye mpango asioukubali? Baada ya mvutano mkubwa aliruhusiwa kuendelea.

Njia ya pili ni uzani wa kura, na hii ndiyo iliyoamua. Badala ya mwanachama mmoja kura moja, chama kiligawa wapigakura wa mchujo katika mafungu matatu yenye uzito sawa, kila fungu likihesabiwa theluthi moja. Fungu la kwanza lilikuwa la wabunge wa London, wabunge wa Ulaya na wagombea wa baraza jipya la jiji. La pili la wanachama wa kawaida. La tatu la vyama vya wafanyakazi na jumuiya zilizofungamana na Labour. Fungu la kwanza halikufikia hata watu mia moja, ilhali la pili lilikuwa na maelfu kwa maelfu. Kura ya mbunge mmoja, kwa hesabu hiyo, ilizizidi nguvu kura za mamia ya wanachama walioigawana theluthi yao.

Matokeo yalitangazwa Februari 2000. Livingstone alipata karibu asilimia 60 ya kura za wanachama na asilimia 72 katika fungu la vyama vya wafanyakazi. Mpinzani wake Frank Dobson, aliyeacha uwaziri wa afya ili agombee, alipata asilimia 86.5 katika fungu la wabunge. Msomaji anaweza kuifanya hesabu mwenyewe: chukua asilimia 86.5 za Dobson kwa wabunge, ongeza takriban 40 za wanachama na 28 za vyama vya wafanyakazi, kisha gawanya kwa tatu. Inakuja 51.5. Dobson ndiye aliyetangazwa mgombea, na Livingstone akabaki na 48.5.

Nasema bila kusitasita kwamba hesabu ilikuwa sahihi na utaratibu haukuwa wa haki. Si kwamba mafungu matatu ni kosa siku zote. Chama kinaweza kuwa na sababu njema za kuwapa sauti wabunge, ambao watafanya kazi na meya huyo, au wafanyakazi, ambao michango yao imekilea chama. Kosa liko kwenye wakati. Utaratibu huo ulitangazwa watu wakiwa wamekwisha kujua Livingstone anataka nini na anapendwa na nani, na kila aliyeutazama aliona umekatwa kama nguo kwa kipimo cha mtu mmoja. Dobson mwenyewe, mtu aliyeheshimika na aliyefanya kazi zake kwa bidii, aliumizwa na ushindi huo kuliko ambavyo angeumizwa na kushindwa, maana popote alipokwenda kuomba kura aliulizwa kuhusu namna alivyopatikana.

Mwezi Machi Livingstone akatangaza kugombea bila chama, jambo ambalo awali alikuwa ameahidi kutolifanya, na Labour ikamfukuza uanachama. Wapigakura wa Mei, ambao kila mmoja aliweza kuweka chaguo la kwanza na la pili, walimpa asilimia 39 ya chaguo la kwanza. Steven Norris wa chama cha Conservative akawa wa pili kwa asilimia 27. Dobson, mgombea wa chama kilichokuwa madarakani nchi nzima kwa wingi mkubwa wa wabunge, akaambulia asilimia 13. Baada ya kuhesabiwa chaguo la pili Livingstone alishinda kwa karibu asilimia 58.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwenye jambo la sheria linalowagusa wasomaji wa Tanzania. Livingstone aliweza kuwakimbilia wapigakura kwa sababu sheria ya Uingereza inamruhusu mgombea binafsi, mradi atimize masharti ya wadhamini na aweke dhamana ya pauni 10,000. Tanzania hairuhusu mgombea binafsi, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua mwaka 2013 kwamba katazo hilo linakiuka haki za raia. Penye katazo kama hilo, aliyetupwa nje ya mchujo hana mlango mwingine ila kuhamia chama kingine, na kwa sababu hiyo kanuni za ndani ya chama zina uzito unaokaribia ule wa sheria ya nchi. Kenya humruhusu mgombea huru.

Labour haikuyatumia tena mafungu yale katika mchujo wa uchaguzi wa 2016. Kufikia mwaka 2015 kanuni za chama zilikuwa zimebadilishwa ili kila kura iwe sawa na nyingine, iwe ya mwanachama kamili, ya mwanachama wa chama cha wafanyakazi aliyejiandikisha kuwa mfuasi, au ya mfuasi wa kawaida aliyelipa pauni 3. Watia nia sita waliingia kwenye orodha. Wengi walimtarajia Tessa Jowell, waziri wa zamani aliyesimamia maandalizi ya Olimpiki ya London ya 2012, lakini Sadiq Khan, mbunge wa Tooting, ndiye aliyeshinda katika duru ya mwisho kwa asilimia 58.9. Wapigakura wa mchujo walizidi 87,000. Mwaka huohuo Conservative ilimteua Zac Goldsmith katika mchujo uliopigwa kura zisizofika 10,000. Aliyeshindwa upande wowote hakuwa na cha kulalamikia kuhusu uzani wa kura, na Khan alikwenda kwenye uchaguzi wa Mei 2016 bila mzigo aliobebeshwa Dobson.

Hata hivyo usawa wa kura hauliondoi jopo la mlangoni. Katika maandalizi ya uchaguzi wa 2024, Conservative ilipotoa orodha yake fupi ya watu watatu mnamo Juni 2023, Paul Scully, aliyekuwa waziri anayehusika na London, hakuwamo. Mmoja kati ya watatu hao alijitoa, wakabaki wawili, na Susan Hall akateuliwa kwa asilimia 57. Wanachama walipiga kura kwa uhuru kamili, lakini walichagua kati ya majina waliyopelekewa. Mtu anayefuatilia mchujo wowote, popote pale, namshauri aanze kuusoma kwenye orodha fupi, kwa kuwa sehemu kubwa ya uamuzi huwa imekwisha kufanyika hapo, katika chumba chenye watu wachache na bila kumbukumbu zinazosomwa na umma.

Swali la nani apige kura ya mchujo lina majibu mengi. Mwaka 2007 Conservative ilifungua mchujo wake kwa wapigakura wote wa London, hata wasio wanachama, na Boris Johnson akateuliwa kwa wingi mkubwa. Lakini kura zilizopigwa zilikuwa takriban 20,000 tu katika jiji la watu zaidi ya milioni saba. Kufungua mlango si sawa na kuwaingiza watu. New York imekwenda mbali zaidi kwa upande mmoja na kubaki nyuma kwa upande mwingine. Mchujo wa vyama vikubwa huko huendeshwa na bodi ya uchaguzi ya umma na si na chama chenyewe, kwa hiyo hakuna jopo la usaili linaloweza kumzuia mtia nia aliyetimiza masharti ya saini. Lakini hupiga kura yule tu aliyejiandikisha katika daftari la wapigakura kuwa ni wa chama hicho, na anayetaka kubadili chama lazima afanye hivyo mapema, miezi kadhaa kabla.

Tangu mwaka 2021 mpigakura wa mchujo wa New York anaweza kuwapanga hadi watia nia watano kwa daraja la upendeleo, na anayeshika mkia huondolewa, kura zake zikahamia kwa aliyefuata kwenye karatasi. Mwaka huo watu 13 waligombea tiketi ya chama cha Democratic, na Eric Adams akamshinda Kathryn Garcia kwa tofauti ya kura 7,197. Mwaka 2025 Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alimshinda gavana wa zamani Andrew Cuomo kwa asilimia 56.4 baada ya kura kuhamishwa. Cuomo, kama Livingstone robo karne kabla yake, alirudi kugombea bila chama. Lakini safari hii aliyeshindwa hakuweza kudai kuwa kanuni zilitungwa ili kumzuia, na Novemba wapigakura walimpa Mamdani ushindi wa zaidi ya nusu ya kura.

Namna uchaguzi mkuu wenyewe unavyohesabiwa nayo huingia ndani ya mchujo. London, kuanzia 2000 hadi 2021, mpigakura wa meya aliweka chaguo la kwanza na la pili, na hivyo wanachama walipaswa kujiuliza ni nani anayeweza kupendwa pia na wafuasi wa vyama vingine. Sheria ya mwaka 2022 iliondoa utaratibu huo. Katika uchaguzi wa 2024 aliyeongoza kwa kura, hata zisipofika nusu, ndiye aliyekuwa meya. Khan alishinda muhula wa tatu kwa asilimia 43.8. Chini ya kanuni kama hiyo chama kinaweza kumteua mtu anayewaridhisha wafuasi wake pekee na bado kikatumaini kushinda iwapo wapinzani watagawana kura.

Mwisho, uteuzi wa chama haumfanyi mtu kuwa mgombea kisheria. Ugombea huanza fomu zinapopokelewa na msimamizi wa uchaguzi, na kati ya siku ya mchujo na siku hiyo lolote laweza kutokea. Conservative ilimteua Jeffrey Archer mwaka 1999, naye akalazimika kujiondoa mwezi Novemba baada ya kufichuka kwamba aliwahi kumwomba mtu atoe ushahidi wa uongo katika kesi yake. Ndipo Norris akachukua nafasi. Labour nayo ilikuwa imekwisha kumteua Nicky Gavron kwa uchaguzi wa 2004, lakini mapema mwaka huo chama kilimrudishia Livingstone uanachama, Gavron akampisha, na mwezi Juni Livingstone akachaguliwa tena, safari hii jina la Labour likiwa kando ya jina lake kwenye karatasi ya kura.