Je, wajua kwa nini nondo hupigwa picha kabla ya zege kumwagwa?

Ujenzi ni kazi inayojificha yenyewe. Msingi ukishafukiwa, hakuna anayeona tena kina chake. Nguzo ikishajazwa zege, huwezi kuhesabu ringi zilizomo ndani (vile vyuma vilivyokunjwa kuzishika nondo pamoja) wala kujua kama fundi alifunga nondo nne au tatu. Bomba likishapigiwa plasta, ramani yake inabaki kichwani mwa fundi bomba, naye pengine keshahamia kazi nyingine Gulu. Ndiyo maana msimamizi wa mradi hushindana na saa kila siku: habari ikimfikia baada ya zege kumwagwa, haimsaidii kitu.

Ukitaja teknolojia ya kidijitali katika ujenzi, wengi hufikiria roboti zinazopanga matofali. Nchini Uganda, kwa maoni yangu, kifaa kilichogeuza usimamizi wa kazi kuliko vyote ni simu ya mfukoni.

Chukua nyumba inayojengwa Busia, upande wa Uganda, ilhali mwenyewe yuko Dubai akifanya kyeyo, kama Waganda wanavyoziita kazi za ughaibuni. Zamani alimtumia shemeji pesa, kisha akangoja likizo aje kuona kilichojengwa. Wengine walikuta nyumba. Wengine walikuta kichaka na mbuzi wa jirani. Siku hizi picha zinatumwa kila jioni, na maelezo yanakuja kwa ujumbe wa sauti, mara nyingi kwa Kiswahili, maana fundi katoka Bungoma, Kenya, vibarua wametoka Tororo, na hakuna anayetaka kuandika kwa vidole vyenye saruji. Huduma ya pesa kwa simu, ambayo MTN iliianzisha Uganda mwaka 2009, inawezesha malipo ya hatua kwa hatua: pesa ya msingi inatumwa, msingi unaonekana, ndipo inatumwa ya kuta. Makampuni makubwa hufanya hivyo hivyo, ila wao huandikiana vyeti vya malipo, yaani hati zinazothibitisha kazi iliyokwisha kufanyika.

Tatizo ni kwamba picha nayo hudanganya. Nondo zilizofungwa vizuri huenda ni za saiti ya jirani. Tena WhatsApp, ukiituma picha kwa njia ya kawaida, huondoa taarifa za mahali na saa ilipopigwa. Ukiituma kama faili, zinabaki. Wasimamizi makini hutumia programu za kamera zinazochapa tarehe, saa na mahali juu ya picha yenyewe, na hudai tepu ya kupimia ionekane kando ya nondo. Bora zaidi ni kupiga simu ya video kabla mchanganyiko haujaanza: “Shemeji, sogeza simu pale kwenye kona. Sasa weka tepu kati ya ringi na ringi.” Ni rahisi kidogo kuliko kumuuliza shemeji huyo huyo, mwezi mmoja baadaye, pesa zilikwenda wapi.

Hesabu nazo zimehamia kwenye simu, na hapa ndipo wizi hufichuka. Slabu, yaani bamba la zege, ya mita 10 kwa 10 yenye unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 15. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, kila mita ya ujazo hula mifuko sita na ushei ya kilo 50, kwa hiyo slabu nzima itataka karibu mifuko 95. Daftari likisema 130, uliza. Likisema 60, uliza kwa sauti kubwa zaidi, maana zege hilo ni dhaifu na watu watalala chini yake. Risiti pia zinasaidia: tangu 2021 mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) anatakiwa kutoa risiti ya kielektroniki kupitia mfumo wa EFRIS wa Mamlaka ya Mapato, URA, na mnunuzi anaweza kuihakiki. Maduka madogo ya vifaa bado yanaandika kwa kalamu.

Kwenye miradi mikubwa mambo huenda mbali zaidi, ingawa mantiki ni ile ile ya kuona kabla ya kufunika. Zamani msanifu majengo, mhandisi na fundi umeme kila mmoja alikuwa na michoro yake, na bomba lililopangwa kupita katikati ya boriti liligunduliwa saitini, patasi mkononi. Katika mfumo wa BIM (Building Information Modelling) michoro yote huunganishwa katika jengo moja la kompyuta, na mgongano huo unaonekana ofisini. Uingereza iliulazimisha kwa miradi ya serikali kuu mwaka 2016.

Kupanga ratiba kwa kompyuta si jambo jipya. Mwaka 1957 kampuni ya DuPont ya Marekani ilianza kubuni hesabu ya kutafuta mlolongo wa kazi ambazo moja ikichelewa, mradi wote unachelewa. Kilichobadilika ni kasi ya habari: ratiba inaweza kusahihishwa jioni ile ile mvua za Machi zilipojaza mashimo ya msingi, badala ya kungoja kikao cha mwisho wa mwezi. Droni nazo hupiga picha zinazopishana, na programu huzigeuza kuwa umbo la ardhi, hivyo udongo uliochimbwa barabarani unapimwa bila kubishana na mkandarasi anayelipwa kwa mita za ujazo. Uganda huwezi kuirusha bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Vipo pia vihisi vidogo vinavyozikwa ndani ya zege kupima joto lake. Kutokana na joto hilo wahandisi hukadiria nguvu ya zege na kuamua lini mbao zinazolishikilia zitolewe, bila kukaa tu wakingoja vipimo vya nguvu vinavyofanywa zege likitimiza siku 28.

Hata vibali vya ujenzi vimeanza kupita mtandaoni, kwa mfumo wa bodi ya taifa ya kusimamia majengo, NBRB, iliyotokana na sheria ya mwaka 2013.

Lakini kuona si kuzuia. Picha ya nondo pungufu ikifika saa nne asubuhi, mashine ya zege inazunguka na vibarua wameshapanga foleni na makarai, lazima awepo pale pale mtu mwenye mamlaka ya kusema simamisha. Programu haina mamlaka hayo, na mwenye nyumba aliye Dubai huenda amelala baada ya zamu ya usiku. Mtu huyo atajwe kwenye mkataba kabla ya jembe la kwanza, na asiwe yule yule anayelipwa kwa kumaliza haraka.