Tapeti za Howo 371: pima kwanza, ndipo ufungue nati

Dereva akileta lori kwa ajili ya tapeti, yaani kuseti nafasi kati ya valvu na roka (mkono unaoibonyeza valvu ifunguke), mara nyingi ana lalamiko moja tu: injini inapiga kelele. "Fundi, hebu zikaze kidogo, zinanikera." Na wapo mafundi wanaomtii, wanakaza mpaka injini inatulia, dereva anaondoka akicheka. Ombi hilo ndilo linaloua valvu. Tapeti iliyolegea hupiga kelele, hata mlinzi wa getini anaisikia. Iliyokazwa kupita kiasi haisemi neno. Injini inanguruma laini huku valvu ya ekzosi, ile ya kutoa moshi, inaungua taratibu, mpaka siku lori lina mzigo kamili na mlima wa Kitonga uko mbele.

Nitazungumzia injini ninayoshinda nayo: WD615 ya lita 9.7, ile inayofungwa kwenye Howo 371, lori la Kichina, tipa na vichwa vya kuvuta tela. Asili yake ni Steyr ya Austria. Wachina waliichukua kwa leseni miaka ya 1980. Ni silinda 6 kwa mstari, valvu 2 kila silinda, na kila silinda ina hedi (kifuniko cha juu chenye valvu) yake peke yake. Hilo la hedi lina faida, tutalifikia.

Nafasi ile ndogo kati ya roka na valvu ipo kwa sababu ya joto. Injini ikichemka, valvu hurefuka. Ya inleti, ile ya kuingiza hewa, hupata nafuu, maana hewa mpya inaipoza kila inapofunguka. Ya ekzosi haina nafuu yoyote, inapitiwa na moshi wenye moto mkali mizunguko yote. Ndiyo maana WD615 inataka milimita 0.30 inleti na 0.40 ekzosi, injini ikiwa baridi. Usipoiachia nafasi hiyo, valvu ikirefuka inakosa pa kwenda: roka imeizuia kwa juu, kwa hiyo inabaki imeachama kidogo. Na valvu hupoa kwa kukaa kwenye siti, kile kiti chake ndani ya hedi. Joto linatoka kwenye valvu, linaingia kwenye siti, linapita kwenye hedi, linachukuliwa na maji. Isipokaa sawasawa, joto halina njia, na moto wa silinda unapenya kwenye ule mwanya kama gesi ya kuchomelea. Ukingo wa valvu unaliwa kipande, na kompresheni (mbano wa hewa) ya silinda hiyo imekwenda.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanaamini kwamba tapeti hulegea tu kadiri injini inavyochakaa. Si kweli. Zipo sehemu zinazochakaa nafasi ikaongezeka: ncha ya roka, mguu wa pushi rodi (fimbo inayoisukuma roka), tapeti yenyewe inayoisukuma fimbo hiyo, jicho la kamshafti (nundu ya shafti inayoinua tapeti). Lakini siti ya valvu nayo inaliwa, na valvu inazama juu zaidi ndani ya hedi. Ikizama, shina lake linasogea kwenye roka, na nafasi inapungua. Kwa hiyo injini iliyosetiwa vizuri inaweza kujikaza yenyewe barabarani bila mtu kuigusa. Dereva atakwambia "siku hizi imetulia sana," na wewe ukichomeka fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya 0.40, haipiti.

Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza gerejini: hakuna kufungua nati kabla ya kupima na kuandika. Valvu 12, namba 12, kwenye karatasi au kwenye simu. Ukishalegeza nati, ushahidi umepotea. Silinda zote zikiwa zimelegea kwa kiasi kinachokaribiana, huo ni uchakavu wa kawaida, seti uendelee. Moja ikiwa imelegea sana kuliko wenzake, usiikaze haraka: toa pushi rodi uiviringishe juu ya kioo au meza iliyonyooka uone kama imepinda, kisha chungulia ncha ya roka. Moja ikiwa imekaza peke yake, ishuku siti yake au valvu yake. Namba zinakuambia injini imepitia nini, sikio halikuambii.

Baridi maana yake baridi. Lori lililoingia gereji saa kumi na mbili jioni likitokea Tunduma halisetiwi saa moja usiku, hata ukifungua kabini na kupuliza feni. Lilale, asubuhi ndiyo kazi. Najua tajiri anapiga simu. Mwache apige. Na wale wanaoseti injini ikiwa inawaka, kwa kusikiliza, sibishani nao, ila sipeleki lori langu kwao.

Ondoa waya wa betri kabla hujaanza, asije mtu akapiga stata mikono yako ikiwa kwenye falaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Fungua kava zote 6 na uzipange kwa mpangilio wake. Zungusha injini kwa mkono kwa upande inaozungukia kawaida. Ukipitiliza alama, usirudishe kidogo tu ukaona yametosha; rudi nyuma sana, kisha uje mbele tena, ili ule uchezaji wa gia uishe.

Mpango wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4, na silinda zinakwenda kwa jozi: 1 na 6, 5 na 2, 3 na 4. Alama ya falaiwili inakuambia pistoni za 1 na 6 ziko juu, haikuambii ipi iko kwenye kompresheni. Itazame 6. Kama valvu zake zinapokezana, ya ekzosi inamalizia kufunga huku ya inleti inaanza kufunguka, basi 1 ndiyo iko kwenye kompresheni. Hapo unaweza kuseti valvu 6 kwa mkupuo: 1 zote mbili, inleti za 2 na 4, ekzosi za 3 na 5. Zungusha duara moja kamili, sasa 1 ndiyo inapokezana, useti zilizobaki: 6 zote mbili, inleti za 3 na 5, ekzosi za 2 na 4.

Njia hiyo ni ya haraka, na kwa injini nzima inatosha. Kwa injini ya zamani, yenye kamshafti nisiyoiamini, mimi huenda silinda moja moja: natazama pacha wake akipokezana, naseti, nazungusha theluthi ya duara, naenda inayofuata. Inachukua muda zaidi. Faida yake ni kwamba kila valvu unaipima tapeti ikiwa mbali kabisa na jicho la kamshafti, bila wasiwasi kwamba iko pembeni inaanza kupanda.

Kuseti kwenyewe ni hivi. Shika skrubu ya roka kwa bisibisi, legeza lokinati (nati inayoifunga skrubu hiyo), chomeka fila geji, kaza skrubu mpaka uhisi geji inakwaruza kidogo unapoivuta. Isilegee, isinase. Kisha kaza lokinati huku bisibisi imeshikilia skrubu isizunguke, halafu pima tena. Hii ya kupima tena ndiyo vijana wanaruka. Nati ikikaza inavuta skrubu kwenye nyuzi zake, na ile 0.40 uliyoiacha inakuwa namba nyingine. Ukitaka kuhakikisha, chukua geji inayofuata kwa unene: kwa ekzosi, 0.40 ipite ikikwaruza na 0.45 ikatae. Ikipita 0.45, rudia.

Ncha ya roka nayo ina hila yake. Ikichakaa inachimbika kijishimo pale inapokutana na shina la valvu. Geji ni bapa na imenyooka, kwa hiyo inalala juu ya kingo za kishimo na kukudanganya: wewe unasoma 0.40, nafasi halisi ni kubwa zaidi. Pitisha ukucha kwenye ncha. Ukikwama, hapo fila geji haina maana, tumia geji ya saa, ile ya mshale, au weka roka mpya.

Baadhi ya injini hizi zina breki ya valvu, ile ya EVB inayosaidia ekzosi breki kwenye mteremko. Upande wa ekzosi una kapistoni kadogo kanachojaa oili. Kabla ya kupima, kabonyeze mpaka oili yote itoke, la sivyo unapima oili. Nafasi ya valvu ni 0.40 ileile, na ya EVB yenyewe ni 0.25. Nimepokea malori ambayo dereva analalamika breki ya injini haishiki kwenye mteremko, mtu amebadilisha mpaka valvu za hewa, kumbe hii 0.25 haikuguswa tangu hedi zilipofunguliwa.

Tena usibebe namba za Howo kwenda nazo kwenye lori jingine. Actros ya Mercedes yenye injini ya OM501 inataka 0.40 inleti na 0.60 ekzosi. Scania yenye injini ya DC13 ni 0.45 na 0.70. Ukiiwekea Scania 0.40 kwenye ekzosi kwa sababu ndiyo uliyoizoea, umemkaanga mtu valvu zake.

Dalili za tapeti zilizokaza mwenye lori anaweza kuzijua mwenyewe. Asubuhi linagoma kuwaka na linatoa moshi mweupe, stata inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida kwa sababu kuna silinda isiyobana, kwenye sailensa (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta) injini inatetema, na kwenye bomba la moshi unasikia pumzi inakatika kwa mpigo. Zilizolegea zina kelele, nguvu inapungua, moshi mweusi unaongezeka mlimani kwa kuwa valvu haifunguki kimo chake chote na hewa haitoshi.

Ukishafunga kava, weka gasketi nzuri, zile za kubandika silikoni juu ya silikoni zinavujisha oili juu ya manifoldi ya moto. Washa, acha ipate joto. Mlio mdogo wa kugonga asubuhi ni halali yake, mwambie dereva mapema kabla hajarudi kulalamika.

Na lile lori lenye valvu moja iliyokuwa imekaza peke yake? Liite lirudi baada ya safari chache, injini ikiwa imelala, upime silinda ile tu. Ikiwa imepungua tena, usiiseti mara ya tatu. Siti inazama. Hapo ndipo faida ya hedi sita inapoonekana: unateremsha hedi moja, unaipeleka kwa wasaga siti, nyingine tano hazijaguswa, na lori linarudi barabarani.