Mtoto wa Kusini anaishi na nani? Dhana potofu na ukweli kuhusu familia za Mtwara na Lindi

Mgeni akikaa Newala au Ruangwa miezi michache kwa kazi, mara nyingi huondoka na hukumu mkononi: watu wa Kusini hawatulii kwenye ndoa, akina baba hawajulikani walipo, watoto wametupiwa mabibi. Maneno haya yanasemwa kwenye mabasi na kwenye semina, na wakati mwingine yanasemwa na mwalimu anayewafundisha watoto haohao. Yananiuma. Mtoto akishaitwa "wa kutelekezwa", hata namna anavyotazamwa darasani inabadilika, na mlezi wake akija shuleni hasikilizwi kama mzazi. Kwa hiyo tuyapitie yale yanayosemwa sana.

"Kaya za kule ni ndogo, maana yake familia zimesambaratika"

Namba yenyewe ni ya kweli. Sensa ya 2012 ilikuta wastani wa watu 3.7 kwa kaya mkoani Mtwara na 3.8 Lindi, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.7 na Simiyu walifika 6.9. Sehemu ya sababu ni uzazi: wanawake wa Kusini huzaa watoto wachache kuliko wenzao wa Kanda ya Ziwa. Lakini hiyo haimalizi habari.

Kaya inayohesabiwa na karani wa sensa ni watu wanaoishi na kula pamoja, wanaomtambua mmoja wao kuwa mkuu wa kaya. Tena karani anamwandika mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Sasa ingia kwenye kiwanja kimoja cha Tandahimba. Kuna nyumba ya bibi, kuna ya binti yake mkubwa mwenye mume, kuna ya binti mdogo aliyeachika, na pembeni kibanda cha kijana aliyeshapita jando ambaye hawezi tena kulala na mama yake. Mtoto wa darasa la kwanza ameamkia kwa bibi, uji amekunywa kwa mama mkubwa, sare amevulia kwa mama yake. Jioni anatumwa na bakuli la kisamvu lililofunikwa sahani, analishika kwa mikono miwili asimwage, analifikisha jiko la pili na kurudi na kibaba cha unga. Karani ataandika kaya tatu au nne, na atakuwa hajakosea. Ila mtoto ukimuuliza kwao ni wapi, atakuonyesha kiwanja chote.

Anayesoma namba za kaya na kudhani amesoma familia amekosea hatua ya kwanza, na mipango itakayofuata itakosea pamoja naye.

"Anayelelewa na bibi ni yatima, au ametelekezwa"

Kwa hesabu za UNICEF, yatima ni mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Kwa fiqhi ya Kiislamu, ambayo wengi wa pwani yetu wanaifuata, ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu zimeonyesha kwamba watoto wengi wa Tanzania wasioishi na baba wala mama, wazazi wao wote wawili wako hai. Si yatima kwa hesabu yoyote kati ya hizo mbili.

Basi kwa nini wako kwa bibi? Wengine walipelekwa baada ya kuachishwa ziwa, mama alipopata mimba nyingine. Wengine wako pale kwa sababu nyumba ya bibi iko karibu na shule, na wazazi wamehamia shambani kwenye ufuta hadi wavune. Mama mwingine yuko Dar es Salaam anauza chakula. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na barabara ikaendelea kutengenezwa, safari ya Kusini imekuwa nyepesi, na watu wanaenda na kurudi kuliko zamani. Na kuna bibi aliyemwomba mjukuu mwenyewe, kwa sababu nyumba haina mtu wa kumchotea maji wala wa kuzungumza naye usiku. Katika mambo yote haya watu walikaa wakakubaliana nani atamlea mtoto. Mtu anayetelekeza mtoto hakai na mtu kukubaliana.

Siku ya kuandikisha darasa la kwanza utamwona bibi huyu kwenye foleni, kadi ya kliniki ameifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Mwalimu akimuuliza "mama yake yuko wapi?" mbele ya watu, kwa sauti ya kushtaki, bibi anajikunyata. Fomu yenyewe huwa na nafasi ya mzazi au mlezi. Iandikwe mlezi, na namba ya simu ya mama ichukuliwe pia, yatosha.

"Ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo baba hana kazi"

Hapa ndipo penye upotoshaji mkubwa zaidi. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili wanahesabu ukoo kuukeni: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na zamani mwanamume akioa alihamia kwa wakwe. Wengi wakisikia hivyo hudhani kwamba wanawake ndio wanaotawala na wanaume wamekaa kando. Sivyo. Sauti kubwa juu ya mtoto ilikuwa ya mwanamume, ila mwanamume huyo ni mjomba, kaka wa mama. Yeye ndiye anayeitwa kwenye posa, kwenye mambo ya jando na unyago, kwenye ugonjwa mzito na kwenye kesi. Na kwa kuwa mjomba naye ameoa na anaishi kwa mkewe, hayumo kwenye kaya ya mtoto. Hakuna dodoso linalomwona. Mwanamume huyohuyo unayemlaumu kwamba ni mgeni kwenye nyumba ya wanawe, kwa dada zake ndiye nguzo.

Mambo hayakusimama hapo. Mkorosho ni mti wa miaka mingi, na baba aliyeupanda na kuupulizia salfa kila mwaka hapendi uende kwa mpwa huku wanawe wanatazama. Uislamu nao una mirathi yake inayomtambua mtoto wa baba, na Ukristo wa misheni za Masasi na Ndanda ulisisitiza nyumba ya mume, mke na watoto. Leo mtoto mmoja wa Masasi anaweza kuwa na haki kwa baba na sauti kwa mjomba, na wakati mwingine akakosa vyote viwili kwa sababu kila upande unasema mwenzake atatoa. Hilo la mwisho ndilo la kuogopa, na nitalirudia.

Kisheria hakuna utata. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamwekea mwanamume wajibu wa kuwatunza wanawe, awe anaishi nao au wako kwa mtu mwingine: malazi, mavazi, chakula na elimu kwa kadiri ya uwezo wake. Sheria hiyohiyo inachukulia kwamba mtoto chini ya miaka saba ni vyema akae na mama yake, mpaka mahakama ioneshwe vinginevyo. Kabila halimtoi mtu kwenye wajibu huo. Wanaosema "kwa mila zenu baba hadaiwi" wanajitungia, na mila yenyewe hawaijui: Serikali ilipoziandika sheria za kimila mwaka 1963, ilizichukua za makabila yanayofuata upande wa baba. Za kwetu hazimo.

Kuna pia wanaosema korosho ndiyo inayovunja nyumba, kwamba minada ikianza Oktoba ndoa zinakatika. Pesa za msimu zinafunua ugomvi uliokuwepo, na kweli kuna wanaume wanaozila peke yao. Lakini mwanamke wa Kusini anaweza kuondoka kwenye ndoa mbaya kwa sababu ana pa kurudi: kiwanja cha mama yake na shamba la ukoo wake. Mtoto wake anarudi kwa watu anaowajua. Siwezi kuita hilo laana.

Wala Kusini si kabila moja. Wafugaji wa Kisukuma waliofika Kilwa na Liwale, hasa tangu 2006, wamekuja na miji yao mikubwa, yaani boma moja lenye watu wengi, na kwao ng'ombe wa mahari ndio wanaomfanya mtoto kuwa wa baba. Mjini Mtwara kuna watumishi waliohamishwa kutoka mikoa mingine, baba, mama, watoto wawili na dada wa kazi, ambaye mara nyingine naye ni mtoto wa mtu.

"Ndugu wapo, mtoto yuko salama"

Hii ni dhana yetu wenyewe, na naiogopa kuliko zote. Ukoo unalea pale tu panapokuwa na mtu mwenye jina aliyekubali. Bibi wa miaka sabini mwenye wajukuu watano na simu isiyoingia kitu kutoka mjini, huyo analemewa, hata kama ndugu wamejaa kijiji kizima. Kama mtoto ameorodheshwa TASAF, mfuko wa Serikali unaosaidia kaya maskini, kwenye kaya ya mama yake lakini analala kwa bibi, ruzuku inaingia mlango mwingine na daftari linanunuliwa na bibi.

Na wapo wa geto: wanafunzi wa sekondari ambao shule yao ya kata iko mbali, wamepangishiwa chumba karibu na shule. Binti wa miaka 15 ana godoro, jiko la mkaa na kilo tatu za unga za wiki mbili. Unga ukiisha siku ya tisa, nani anajua? Nyumbani wanasema yuko shule, shule wanasema yuko kwao.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kuwa mtoto mpaka atimize miaka 18, jando na unyago visibadilishe hilo. Bibi au ndugu anayeishi na mtoto anaweza kuomba amri ya matunzo dhidi ya baba, asingoje mama arudi. Aanzie kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Jirani au mwalimu anayeona mtoto wa geto anakosa chakula au anaingiliwa usiku, apige 116, simu ya mtoto, ni bure. Na mwenye nyumba anayepangisha chumba kwa mwanafunzi aandike jina na namba ya mtu mzima anayemwajibikia kabla ya kupokea kodi ya mwezi wa kwanza.