Frere Town ya Mombasa: yanayosemwa na yaliyokuwa

Ukitoka Mombasa mjini kwa matatu, ukishavuka daraja la Nyali tu, makanga anaanza: "Kengeleni! Kengeleni!" Hapo ni Frere Town, na ni mahali panaposimuliwa mengi yasiyokuwa.

Jina kwanza. Wengi hutamka "Fritaun" wakiamini maana yake ni mji wa watu huru. Inapendeza, ila jina ni la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyefika Unguja mwaka 1873 kumshinikiza Sultan Barghash apige marufuku kusafirisha watumwa baharini. Kijiji hiki cha watumwa waliokombolewa kilianzishwa 1875 na wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, wakiongozwa na kasisi William Salter Price.

Halafu kengele. Nimesikia watu wazima wakisema ilipigwa kuita wanunuzi mnadani. La hasha! Ilipigwa kuwatahadharisha wakazi majahazi ya wauza watumwa yalipoonekana, ili watu wajiokoe mapema. Kuiita kengele ya mnada ni kuwadhulumu waliolala wakiitegea sikio.

Linaloniuma zaidi ni kusikia kwamba wakazi walikuwa mateka wasiojua lolote, wakingoja kufunzwa na Wazungu. Baadhi yao walifika wakiwa tayari mafundi na walimu. Walitekwa wangali watoto, manowari za Kiingereza zikawatoa majahazini na kuwapeleka India, wakasomea huko katika shule ya misheni ya Nasik, kisha wakarudi Afrika; ndio walioitwa Waafrika wa Bombay. William Jones na Ishmael Semler walikuwa Rabai, kituo cha misheni karibu na Mombasa, tangu 1864, miaka kumi na moja kabla ya Frere Town. Mwaka 1885 Askofu Hannington akawapa ushemasi.

Wala uhuru wa humo haukuwa kamili. Misheni ilikuwa na sheria kali, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 viboko vya msimamizi mmoja vilizua malalamiko makubwa. Nao watumwa waliotoroka mabwana zao wa pwani na kukimbilia misheni walidaiwa warudishwe. Kampuni ya Waingereza iliwalipa mabwana hao fidia kwa ajili ya watoro zaidi ya 1,400, wengi wao wa Rabai, na tarehe 1 Januari 1889 wakakabidhiwa hati za uhuru. Kwa wengine waliobaki mashambani, sheria ya kufuta utumwa katika pwani ya Kenya ilikuja 1907.